Mkono wa mtoto katika msimu wa maembe

Shule zikifungwa Desemba, watoto wa wilaya za Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, huhamia juu ya miti. Mvua za mwanzo zimeshalowesha magome ya miembe, na embe lililoiva vizuri, kama kila mtoto ajuavyo, huwa kwenye tawi lile lisilofikika. Wakubwa wako shambani wakimalizia korosho. Korosho haina usumbufu huo: haipandiwi mtini. Ikikomaa hudondoka yenyewe pamoja na bibo lake, kazi ikabaki kuinama na kuokota. Embe ndilo linaloita watu juu.

Tawi likikatika, mwili wa mtoto hufanya jambo moja bila kumshauri mwenyewe: hutanguliza mikono. Kiganja hugonga ardhi kwanza, uzito wote ukafuata, na nguvu ile ikapanda kutoka kwenye kiganja hadi kwenye kifundo, kisha kwenye mifupa miwili iliyo kati ya kifundo na kiwiko. Ndiyo maana sehemu ile iliyo juu kidogo ya kifundo cha mkono ni miongoni mwa zile zinazovunjika mara nyingi zaidi kwa watoto wa dunia nzima, awe ameanguka kutoka kwenye mwembe wa Mnacho au kwenye baiskeli huko Australia.

Wanapoachana watoto hawa wawili ni baada ya kilio.

Kwa Wamwera, wenyeji wa sehemu kubwa ya wilaya hizi mbili, ukoo kwa desturi huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake. Kwa hiyo simu hupigwa. "Kaka, mpwa wako kadondoka mtini, mkono umevimba. Tunafanyaje?" Jibu hutegemea saa, hutegemea kama kuna hela, na hutegemea kumbukumbu ya ukoo: nani alivunjika mwaka gani, na nani alimponya. Mara nyingi jina la kwanza kutajwa ni la mzee anayeunga mifupa.

Haifai kumbeza mzee huyo. Vidole vyake vimegusa mifupa mingi. Hupapasa taratibu akitafuta mahali panapouma zaidi, hupaka mafuta, hupanga vibanzi vya mianzi kuzunguka mkono na kuvifunga kwa kitambaa. Watoto wengi hupona mikononi mwake, na sababu moja ya kupona huko haisemwi sana: mifupa mingi ya watoto inayovunjika karibu na kifundo ingepona hata kwa bendeji laini tu. Sifa huenda kwa mzee, ilhali kazi imefanywa na umri wa mgonjwa.

Tatizo ni wale wengine. Kitambaa kikikazwa juu ya mkono unaoendelea kuvimba, damu hushindwa kupita, na misuli ya mkono wa chini huanza kufa ndani ya saa chache. Vidole hujikunja na kubaki hivyo maisha yote. Daktari wa Kijerumani, Richard von Volkmann, alilieleza jambo hili mwaka 1881, na hadi leo ulemavu huo unaitwa kwa jina lake. Sio ugonjwa wa vijijini peke yake, maana hata plasta ya hospitali iliyobana huweza kuuleta. Tofauti ni kwamba hospitalini kuna mtu wa kuikata plasta usiku uleule, iwapo tu mtoto yuko karibu.

Njia ya pili huanzia zahanati. Tabibu au muuguzi atampa mtoto dawa ya maumivu, atamfungia mkono kwenye kitambaa kinachoning'inia shingoni, kisha ataandika karatasi ya rufaa, kwa sababu zahanati haina eksirei. Kutoka hapo ni bodaboda. Mtoto hupakiwa katikati, kati ya dereva na mama, mkono umefungwa kwa kanga dhidi ya kifua chake, na kila shimo la barabarani humfikia mfupani. Tanzania ina mfumo wa m-mama, ambao kwa kupiga namba 115 bila malipo mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura hutafutiwa usafiri. Mvunjika mkono wa miaka minane hayumo kwenye mpango huo. Hayumo pia kwenye msamaha wa matibabu bila malipo, unaoishia kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Walio chini ya miaka mitano si wapandaji wazuri wa miembe. Wapandaji ni hao wa miaka sita hadi kumi na miwili, ambao wazazi wao hulipa.

Fedha nazo zina msimu wake. Kwenye wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale korosho hupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kwa mnada na stakabadhi ghalani, na malipo huja benki baada ya mnada. Mtoto anaweza kuvunjika mkono wiki ambayo korosho za baba ziko ghalani na mfukoni hamna kitu.

Kila moja ya wilaya hizi ina hospitali yake ya wilaya, na Nachingwea ina pia hospitali ya misheni ya Mnero. Mvunjiko ukiwa mbaya, rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, au Ndanda kwa Wabenediktini, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mtwara, na mwisho kabisa MOI, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam. Tangu mwembeni hadi meza ya daktari wa mifupa, mkono ule unaweza kuwa umepita kwenye vyombo vitatu vya usafiri na kulala usiku mbili.

Katika safari hiyo yote, swali linaloulizwa kila kituo ni lilelile: umevunjika au haukuvunjika? Na kwa miaka zaidi ya mia moja jibu limetoka kwenye eksirei. Eksirei ni chombo kizuri, lakini kinataka kuhudumiwa kama bwana harusi. Kinataka chumba chenye kuta za kuzuia mionzi, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, umeme usioyumba na mtaalamu wa mionzi aliye zamu. Kusini iliishi miaka mingi ikitegemea mitambo ya gesi ya Mtwara, na mitambo ile ilipopiga chafya Lindi nzima ilikaa gizani.

Altrasaundi haidai mambo hayo. Hutoa mawimbi ya sauti ya juu kiasi kwamba sikio la mtu haliyasikii. Mawimbi huingia mwilini, hugonga, hurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi kuwa picha. Hakuna mionzi. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha mwaka 1958 picha za tumbo zilizopatikana kwa njia hiyo, mlango ulifunguka kwa wajawazito, na tangu hapo watu wengi, wakiwamo wauguzi, huiona kama mashine ya kina mama. Mfupa wenyewe ulihesabiwa kuwa kero, kwa sababu mawimbi hayaupenyi. Huurudisha karibu mwangwi wote, na nyuma yake panabaki kivuli cheusi.

Lakini kero ndiyo faida, kwa anayetafuta ufa. Kwa kuwa mawimbi hugota kwenye ngozi ya juu ya mfupa, mfupa mzima huonekana kwenye kioo kama mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka. Uliovunjika huonyesha mstari uliokatika, au uliopanda ngazi, au uliofanya kikunyanzi. Haihitaji miaka ya masomo kuona kwamba mstari umekatika.

Mfupa wa mtoto una tabia zake. Yeyote aliyelima mbaazi anajua bua bichi likikunjwa linavyofanya: linapinda, linachanika upande mmoja, na halikatiki. Bua kavu hulia pwaa na kuwa vipande viwili. Mfupa wa mtu mzima ni bua kavu. Wa mtoto ni bichi, tena umevikwa utando mnene unaouzuia usisambaratike. Wakati mwingine hata haupindi. Hujibana tu na kutoa kikunyanzi upande mmoja, kama kopo la bati lililokanyagwa kidogo. Kikunyanzi hicho mkononi hakionekani kwa macho. Mtoto analia, pamevimba, basi. Kwenye altrasaundi kinaonekana.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Jeli hupakwa, kichwa cha mashine hulazwa juu ya ngozi bila kukandamizwa, na kila mmoja wa mifupa miwili hutazamwa upande wa juu, wa chini na wa pembeni. Kwa mtoto anayeogopa kuguswa kuna ujanja mwingine, ambao ungefurahiwa na bibi yeyote wa Ruangwa: beseni la maji. Mkono hutumbukizwa, kichwa cha mashine kikazamishwa kidogo na kushikiliwa mbali na ngozi bila kuigusa, na maji yakafanya kazi ya jeli. Mtoto hukaa akitazama kwenye kioo mfupa wake mwenyewe, na mara nyingi husahau kulia.

Je, picha hiyo inatosha kumtibu? Jibu zuri zaidi lililopo lilitoka jimbo la Queensland, Australia, mwaka 2023. Daktari Peter Snelling na wenzake, katika idara za dharura za hospitali nne, walichukua watoto 270 wa miaka 5 hadi 15 walioumia mkono karibu na kifundo bila mkono kupinda waziwazi. Nusu walipigwa eksirei kwanza. Nusu walianza na altrasaundi iliyofanywa palepale kitandani na wahudumu wa dharura wenyewe, na walioonekana hawana mvunjiko, au wana kikunyanzi tu, hawakupelekwa eksirei kabisa. Baada ya wiki nne wakapimwa jinsi mikono inavyofanya kazi, kwa kipimo cha alama 8 hadi 40. Kundi la altrasaundi lilipata wastani wa 36.4, la eksirei 36.3. Matokeo yalichapishwa katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, ambalo huwa halichezi na nafasi zake.

Mwaka mmoja kabla, Uingereza ilikuwa imeshajibu nusu nyingine ya swali. Utafiti wa hospitali 23 uliofuatilia watoto 965 wenye kikunyanzi cha kifundo ulionyesha kwamba waliopewa bendeji laini na kurudishwa nyumbani hawakuumwa zaidi ya wale waliofungwa kitu kigumu na kupangiwa kurudi kliniki. Ukiziweka kazi hizo mbili pamoja na kuzitazama ukiwa umesimama Nachingwea, maana yake ni kubwa kuliko ilivyokuwa kwa wenyewe waliozifanya. Kwa mtoto wa Queensland altrasaundi inapunguza muda wa kukaa kwenye foleni. Kwa mtoto wa Ruangwa inaweza kufuta safari nzima: hana haja ya bodaboda, nauli ya Lindi, wala hogo la wiki kadhaa litakalomlazimu mama kurudi tena kulikata.

Wale ambao mstari umekatika na mifupa imepishana, hao kazi yao ni nyingine. Mfupa lazima uvutwe urudi mahali pake, na mtu aliyewahi kusikia mtoto akivutwa mfupa bila ganzi ya kutosha hasahau sauti ile. Hospitali za wilaya zina ketamini, dawa iliyookoa mamia ya maelfu ya watu kwenye vyumba vya upasuaji vya nchi maskini, lakini mtoto wa ketamini anahitaji mtu wa kumtazama pumzi mpaka azinduke. Altrasaundi inaongeza njia. Kwa kuitazama sindano kwenye kioo, daktari anaweza kuifikisha lidokeini palepale kwenye damu iliyoganda kati ya ncha mbili za mfupa, au, kwa mwenye ujuzi zaidi, kandokando ya mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka begani, mkono wote ukafa ganzi na mtoto akabaki macho akiongea na mama yake.

Halafu kuna kitu kinachowagusa waliofanya kazi hii muda mrefu. Kwa utaratibu wa kawaida, mfupa huvutwa, plasta hufungwa, mtoto hupelekwa eksirei, na picha ikionyesha kwamba mfupa haujakaa sawa, plasta hukatwa na kila kitu huanza upya, pamoja na ganzi. Kwa altrasaundi kichwa cha mashine huwekwa mkononi mara tu baada ya kuvuta, kabla hata plasta haijaloweshwa. Mistari miwili imekutana? Fungeni. Bado? Vuta tena, ganzi ingalipo.

Kiwiko ni habari tofauti, na hapa shauku inapaswa kupungua. Mtoto aliyeangukia mkono ulionyooka anaweza kuvunjika juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mshipa mkuu wa damu wa mkono na mishipa ya fahamu hupita ikiugusa mfupa. Altrasaundi inaweza kuonyesha damu iliyojaa ndani ya kiungo, dalili kwamba kuna mvunjiko. Haiwezi kuutibu. Mvunjiko mbaya wa hapo hutaka chumba cha upasuaji na nyaya za chuma za kuushikilia mfupa, na hutaka upesi. Kwa mtoto wa namna hiyo kipimo cha kwanza ni vidole viwili vya muuguzi juu ya kifundo, vikitafuta mapigo. Kama mapigo hayapo na kiganja kimepoa, hakuna sababu ya kuwasha mashine yoyote. Ni kuwasha gari.

Sasa, mashine zipo? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24, na hospitali za wilaya nchini zimezoea mashine hizo. Ila mashine ya wajawazito huja na kichwa cha mviringo, kilichoundwa kutazama mbali ndani ya tumbo. Mfupa wa mtoto uko chini tu ya ngozi na unataka kichwa bapa cha mawimbi ya juu. Kichwa hicho huuzwa peke yake, na anayejaza fomu ya manunuzi asipokiandika hakiji. Mambo makubwa ya afya wakati mwingine hukwama kwenye mstari mmoja wa fomu.

Vipo pia vya kuchomeka kwenye simu. Kampuni ya Butterfly ya Marekani ilianza kuuza cha kwake mwaka 2018 kwa takriban dola 2,000, na kuanzia mwaka 2022 wakunga 500 nchini Kenya waliwekwa kwenye mpango wa kupewa vifaa hivyo pamoja na mafunzo, kwa fedha za Taasisi ya Gates. Kifaa kimoja cha namna hiyo hubadili kazi chenyewe, leo tumbo, kesho mkono, na betri yake haiulizi kama umeme umerudi.

Nachingwea, kuliko mji mwingine wowote wa kusini, ina haki ya kuwa na mashaka na mashine zinazoletwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa, na Kongwa na Urambo, ule Mpango wa Karanga uliokuja na matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vya Sherman vilivyobadilishwa na kupewa jina la Shervick. Reli ilijengwa kutoka Mtwara kuja kuchukua karanga. Mpango ulitelekezwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36, na reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vyuma vilifika kabla ya watu wanaoijua ardhi kuulizwa.

Kwa hiyo swali la hospitali za Ruangwa na Nachingwea ni nani atakishika kifaa saa mbili za usiku. Daktari bingwa wa radiolojia hatahamia Ruangwa kwa ajili ya mikono ya watoto. Atakayekuwepo ni tabibu na muuguzi. Uganda wamelijaribu hilo: katika hospitali ya Karoli Lwanga huko Nyakibale, wilayani Rukungiri, wauguzi walifundishwa kuendesha idara ya dharura wenyewe, pamoja na kutumia altrasaundi, na picha walizopiga zikawa zinakaguliwa kwa mbali na madaktari kupitia intaneti. Muuguzi alikosea, aliambiwa, akajifunza. Tanzania nayo haianzi sifuri. Idara kamili ya magonjwa ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, chuo kikuu cha MUHAS kikaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo, na kwa bingwa wa dharura kichwa cha altrasaundi ni kitu cha kila siku. Kati ya bingwa huyo wa Dar es Salaam na tabibu wa zamu wa Nachingwea kuna barabara ndefu, lakini picha ya mfupa husafiri kwa simu kwa sekunde.

Na yule mzee wa vibanzi? Hakuna mashine itakayomwondoa mwaka huu wala ujao. Mama atampitia kwanza, kwa sababu yuko jirani na anakubali kulipwa korosho zikiuzwa. Kilicho rahisi kufundishana naye ni vitu viwili vidogo: mtoto wa kiwiko asiguswe, na kitambaa kisikazwe kiasi cha kuvifanya vidole vipoe.

Mfupa uliopishana wa mtoto wa miaka minane, ukivutwa vizuri, hutaka hogo la wiki nne hadi sita. Aliyeanguka katikati ya Desemba atafunguliwa mwishoni mwa Januari. Maembe yatakuwa yamekwisha, shule zimefunguliwa, na yeye atakuwa ameanza muhula akiandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikilalia upande usio wake, wenzake wakiwa wameshaandika majina yao yote juu ya plasta.